Mbio za Tope na Mgongo wa Mama Mkwe

Leo ni siku ya nne, na tope jeusi la Jumamosi lingali chini ya kucha zangu, licha ya sabuni, jiwe la kusugulia na dua. Na kila nipitapo sokoni Bariadi, muuza nyanya mmoja, ambaye kabla ya siku ile hakuwa na habari nami, huwaashiria wenzake kwa kidevu, nao wote kwa pamoja hunigeuzia migongo, kisha mabega yao hutikisika. Atakaye kujua sababu ya salamu hiyo na asome, ingawa ningalikuwa na hiari ningalimnyima.

Mbio zilikuwa za kilomita 8: kutoka uwanja wa shule, kukatiza mbuga, kupanda kilima cha mawe na kurejea. Niliingia kwa ghururi tupu, kwani nilikwisha kusema mbele ya watoto kwamba mzaliwa wa nchi ya Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, hawezi kushindwa na safari ya kwenda kuchota maji. Kauli hiyo ilisafiri hadi Maswa, na alfajiri ya Jumamosi ikarudi imefuatana na jamaa kumi na mmoja, mama mkwe wangu akiwa mbele yao, wakatandika mikeka chini ya mkwaju ukingoni mwa mbuga, mahali ambapo, kwa kudura nisiyoweza kuifasiri, tope lilikuwa na kina kuliko pote.

Sharti nilieleze tope hilo, maana asiyelijua atanidhania mzembe. Wasukuma huipa ardhi majina kwa kadiri inavyoteremka kutoka kilimani: juu kabisa ni luguru, penye mawe, chini yake luseni, mchanga mwepesi unaopitisha maji bila kinyongo, kisha itogolo na ibushi, na bondeni, mwisho wa yote, mbuga nyeusi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alipoutazama mfuatano wa namna hii katika Afrika Mashariki, miaka ya 1930, aliupa jina la Kilatini, katena, yaani mnyororo, na wanazuoni wa dunia nzima wangali wakilitumia. Mababu waliokuwa wakiujua mnyororo huo kwa nyayo zao hawakupewa hata fulana.

Basi udongo wa mbuga umefanyika kwa vipande vidogo mno vilivyolaliana mfano wa kurasa za kitabu. Mvua inyeshapo, maji hupenya baina ya kurasa, na kitabu huvimba. Jua liwakapo, kitabu hujifumba, na ardhi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama. Udongo wa juu huporomoka ndani ya nyufa hizo, na mvua irudipo, ule wa chini huvimba, ukakosa pa kwenda ila juu, hata shamba likawa linajilima lenyewe bila jembe wala ng'ombe, likiinamisha nguzo za ua, likipasua kuta za nyumba, na kuyasukuma mawe yaliyozikwa yakatokeza tena juani. Nimeustaajabia udongo huu miaka mingi. Jumamosi nao ulinistaajabia.

Hatua ya kwanza ilinata. Ya pili ilibeba tope la kwanza juu ya tope lake, na kufikia ya sita kila raba ilikuwa na uzito wa mtoto wa kunyonya. Mbele ya mkwaju mguu wa kushoto ulizama hadi gotini. Nikauvuta kwa nguvu zangu zote, mguu ukatoka, raba ikakataa, nami nikaenda kifudifudi, na katika kwenda huko bukta ikapasuka kutoka kiunoni hadi chini kwa mlio ule wa doti ya kanga inapotenganishwa dukani.

Kwetu mkwe na mama mkwe husalimiana kwa mbali, macho chini. Mama wa watu, alipoona ambalo hakupaswa kuliona, aligeuka kwa taadhima akaukabili mkwaju. Jamaa zake, kwa kumstahi, wakageuka. Watazamaji wengine, wasiojua kisa, wakadhani ndiyo kanuni ya mbio, wakageuka pia. Nikabaki peke yangu mbele ya hadhira ya migongo. Macho yaliyosalia yalikuwa ya binti yangu wa miaka sita.

"Mjukuu wangu, nitazamie wewe," alisema mama mkwe, akizungumza na mti. "Baba yako amefika wapi?"

"Hajafika, bibi. Anatambaa."

"Hajasimama?"

"Amesimama, bibi. Bukta ndiyo haijasimama."

"Basi, mwanangu, inatosha."

"Chupi yake ni ya bluu, bibi."

Mke wangu akanirushia kanga kinyumenyume. Kilimani niliteleza mara mbili, nikafuata mbuzi nikidhani ni njia, na niliporejea uwanjani soda zilikuwa zimekwisha. Nilijaribu kujiliwaza kwa John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 wa mwisho, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi, akapata heshima isiyofutika. Lakini yeye alifungwa bendeji, mimi nilifungwa kanga.

Hayo nayacheka. Nisilolicheka ni fulana ya mbio. Tuliilipia sote, nayo ilikuwa ya poliesta, imeshonwa ng'ambo, ikitunatia mwilini kama karatasi ya maandazi. Na njia ya mbio ilipita katikati ya mashamba mawili ya pamba, katika mkoa unaoongoza nchini kwa kuilima! Mkulima hupanda, hupalilia, hupiga dawa, huchuma kwa vidole, kisha huambiwa bei ambayo hakuipanga. Sehemu kubwa ya pamba hiyo huvuka mpaka haijasokotwa hata uzi mmoja, na mwanawe hukimbia mbele ya shamba la babaye amevaa plastiki. Nilipomwuliza mwandalizi mmoja, alijibu kwamba za pamba ni ghali. Ghali, Bariadi! Ni mithili ya mgeni kufika Pemba akaambiwa karafuu haipatikani. Hata ile kanga iliyonisitiri, nilipotazama pindo lake, niliona imetoka India.

Wenye mbuga wamekwisha kupandikiza mpunga juu ya raba yangu. Lakini kiangazi kitakuja, ardhi itapasuka, na udongo ule, kwa tabia yake niliyoieleza, huenda ukarudisha ulichomeza. Atakayeiona raba ya kushoto, nyeupe kwa asili, namba 42, tafadhali anifikishie. Ya kulia ninayo.