Pongezi kutoka bandari isiyo na bahari

Kwa Katibu Mkuu,
Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO), London.

Mheshimiwa,

Bujumbura inakusalimu, na inaomba radhi kwamba pongezi zake zimechelewa kama saruji inayosubiriwa kutoka bandari ya Mpulungu.

Mkataba wa Nairobi wa Kuondoa Mabaki ya Meli ulipitishwa Mei 2007, ukaanza kutumika tarehe 14 Aprili 2015. Ni sheria safi: meli ikizama na kuziba njia ya wenzake, mwenyewe huiondoa kwa gharama zake, akikaidi, serikali huiondoa na kumpelekea bili. Meli ya tani 300 na zaidi lazima iwe na bima. Ila Mkataba unahusu bahari tu, hadi maili 200 kutoka pwani. Hata maili hizo zikipimwa kuelekea bara, hazifiki Nairobi. Bujumbura imefarijika: kumbe haikuachwa nje peke yake.

Chukua meli ya Graf von Goetzen, hapa Ziwa Tanganyika. Julai 1916 Wajerumani walizipaka injini zake grisi nzito, wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wangedai gharama kwa Mkataba wako, bili ingekufa mara tatu. Kwanza, meli za kivita hazihusiki, na hii ilitumika kivita. Pili, ajali ya vita humwondolea mwenye meli dhima. Tatu, haki ya kudai hukoma miaka 6 baada ya ajali, na Waingereza waliiibua baada ya minane.

Lakini kuibuliwa kwake hakukupotea bure: Mei 2015, Mkataba ukiwa na mwezi mmoja tu tangu uanze kutumika, Liemba hiyohiyo ilikuwa ikiwavusha Warundi waliokimbilia kijiji cha Kagunga kwenda Kigoma.

Kina cha Tanganyika kinafika mita 1,470, kwa hiyo kinachozama katikati hakimsumbui mtu. Taabu iko kwenye maji ya kina kifupi, milangoni mwa bandari na midomoni mwa mito, zinakopita boti za mbao. Wenye boti hizo tani 300 wanazisikia kwako tu. Na boti ikizama hapo, hakuna wa kupelekewa bili.

Nchi nne za ziwa hili zilitia saini mkataba wao mwaka 2003, na Mamlaka yake ina makao hapa mjini. Bujumbura inaomba umtume mwanasheria mmoja azisaidie nchi hizo kuandika itifaki: boya juu ya kila mabaki, jina la mwenyewe, na bima hata kwa tani 10. Nauli yake tutachangishana.

Wako katika maji baridi,
Bujumbura

Nakala: Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, hapahapa mjini.