Salio la Binti Yetu

Bahasha ilifika Ijumaa mchana, mwezi wa tatu, ndani ya daftari la hisabati la binti yetu wa darasa la nne. Baba watoto alikuwa kwenye karakana yake hapa Makorora, Tanga, akipiga randa mlango wa mteja. Akajipangusa vumbi la mbao, akaisoma barua kwa sauti, Kiingereza cha polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Akanyamaza kidogo. Kisha akaita, "Mama! Njoo, mama! Mtoto ametunukiwa!"

Mama mkwe wangu akatoka jikoni na upawa mkononi.

Niseme tulivyoelewa, maana kila hatua ilikuwa na sababu yake. Mwisho wa mwaka, kwenye ripoti ya binti yetu, mwalimu wa hisabati aliandika neno moja tu: "Outstanding." Tuliuliza, tukaambiwa ni bora kabisa, aliyewapita wenzake. Bibi yake alilibeba neno lile mpaka kwenye foleni ya bomba. Sasa barua ilisema mtoto ana "outstanding balance" ya shilingi 385,000. "Balance" kila mwenye simu anaijua: ni salio, fedha uliyo nayo. Basi hilo ni salio bora kabisa. Tena 385,000 ndiyo awamu ya pili ya ada, fedha tuliyokuwa tukiidunduliza kwenye kopo la maziwa. Tukaona shule imemlipia mtoto kwa ajili ya bidii yake.

"Na hapa mwisho wanasemaje?" mama akauliza.

Mwisho palikuwa na "kindly settle", na siku ya Jumatatu. Mume wangu alikumbuka mwalimu wake wa sekondari akiwanyamazisha darasani kwa neno hilohilo. "Wanasema tutulie, mama."

"Mke mwenzangu," bibi akamwambia mjukuu wake, akimshika mashavu, "firigisi ya leo ni yako."

Kopo likafunguliwa. Jogoo wawili wakachinjwa, pilau likapikwa, majirani wakala wakamwombea mtoto dua. Begi jipya likanunuliwa, na viatu. Fundi bati aliyekuwa akitudai tangu vuli akalipwa. Jumapili usiku kopo lilikuwa limebaki na shilingi 90,000, na sote tulilala tumetulia.

Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa nafua niliposikia mlango wa uani ukisukumwa taratibu. Binti yetu alikuwa amesimama, begi jipya mgongoni. Hakuwa analia. Alisema, "Mama, wenye madeni tumesimamishwa nje ya geti."

Nilimvua begi, nikamkalisha, nikampa maji. Kisha nikaenda na barua kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu. Alinifuata nyumbani na Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, toleo la 1996, jalada lake limeungwa kwa gundi. Akaifungua mezani, tukaona neno "outstanding" lina maana zaidi ya moja.

"Neno hili wameliunda kwa kusimama na nje," akasema. "Aliyejitokeza mbele ya wenzake akaonekana, Waingereza humwita hivyo. Deni ambalo bado halijalipwa nalo limesimama nje, huitwa hivyohivyo. Na 'balance' ni baki: yaweza kuwa baki ya fedha yako, yaweza kuwa baki ya deni lako."

"Na kutulia?" mume wangu akauliza.

"Deni likishalipwa, limetulia. Ndiyo maana wanasema 'settle'. Hata 'pay', neno lao la kulipa, asili yake ni Kilatini, kutuliza. Lina udugu na neno lao la amani."

Mama mkwe wangu alikuwa amesikiliza kimya. "Mwalimu, kwetu malipo hayavai nguo moja," akasema. "Abiria hulipa nauli, mpangaji kodi, mwanafunzi ada. Kibarua hupewa ujira, mwajiriwa mshahara. Muoaji hutoa mahari, aliyeharibu cha mtu hutoa fidia. Ukitaka fundi akuanzie kazi, unampa arubuni. Mtu akitaja jina tu, unajua nani anampa nani, na kwa sababu gani."

"Kweli, bibi. Mshahara wenyewe umetokana na neno la Kiarabu la mwezi, kwa kuwa hulipwa kila mwezi. Nauli ilikuwa ya chombo cha baharini kabla ya kuwa ya basi."

"Basi deni langu nitajieni kwa jina lake."

Akafungua pindo la kanga, akatoa shilingi 150,000 alizopata kwenye mchezo wa akina mama. Mume wangu akaenda kwa mwenye mlango, akamweleza mambo yalivyo, akarudi na arubuni ya 145,000. Pamoja na zile 90,000 za kwenye kopo, ada ikatimia.

Tulikwenda shuleni wote wawili. Mhasibu alihesabu fedha, akaandika stakabadhi. Mume wangu akabaki amesimama pale dirishani. "Dada, naomba barua za ada mtuandikie na Kiswahili. Fedha hii nimeitafuta kwa Kiswahili, mteja kwa mteja. Nikidaiwa, nataka nijue nadaiwa." Mhasibu alimtazama, akageuza stakabadhi, akaandika nyuma yake kwa mkono: Deni, hakuna.

Shule za msingi za serikali kwa kawaida hazidai ada, na hufundisha kwa Kiswahili. Sisi tulichagua hii ya kulipia kwa sababu tunataka mtoto akijue Kiingereza vizuri, na bado tunataka hivyo. Lakini barua ya ada haiendi kwa mtoto. Inakwenda kwa seremala, kwa mama muuza samaki, kwa bibi mwenye fedha kwenye pindo la kanga. Wahenga wamesema dawa ya deni ni kulipa, na mgonjwa hawezi kunywa dawa ambayo maelezo yake hayaelewi. Nchi yenye jina kwa kila aina ya malipo haina sababu ya kumdai mzazi kwa lugha ya kubahatisha, halafu ikamsimamisha mtoto juani kwa kosa la kutoelewa.

Jumanne asubuhi nilimsindikiza mwenyewe. Mlinzi aliipokea stakabadhi, akaisoma upande wa mbele, akaigeuza, akasoma na nyuma.

"Pita, mwanangu," akasema.

Akaingia ndani.