Boksi la Hewa na Doti ya Shangazi

Gereji za chini ya mkorosho hapa Kibaha zina adabu zake. Fundi akitaka kufungua giaboksi, kwanza atafuta mikono. Pampu ya petroli ataiweka juu ya kitambaa safi. Ila likija boksi la ea klina, lile jeusi la plastiki linalobeba kichujio cha hewa, adabu yote inaisha: vibanio vilivyotengenezwa vifunguke kwa kidole atavichokonoa kwa bisibisi, boksi atalitupa mchangani, na ukimtazama vibaya atakujibu, "Bosi, hilo ni la upepo tu."

Ni la upepo kweli, lakini upepo wenyewe si haba. Injini ya petroli hutaka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta. Ukihesabu kwa lita, petroli lita moja huungua pamoja na lita zipatazo 9,000 za hewa, na hewa yote hiyo inapita ndani ya boksi lililotupwa mchangani. Kwenye lami ya barabara ya Morogoro, boksi bovu laweza kukusitiri siku nyingi. Sasa kata kushoto pale Mlandizi, ushike njia ya Mzenga kwenda Maneromango, wilayani Kisarawe, kiangazi, nyuma ya lori la mkaa. Hapo hewa haivutwi, inatafunwa. Vumbi likipenya hadi kwenye silinda na kukutana na oili linakuwa msasa, na ringi za pistoni hazina pa kwenda kushitaki.

Mimi nami sina pa kushitaki, maana fundi wangu ni Mnyamwezi wa Tabora na mimi ni Mzaramo. Tangu enzi za misafara ya kuja pwani, watu hawa wawili wana utani ambao haujafutwa na serikali yoyote. Mtani akikukosea, ukikasirika mwenye kosa ni wewe. Kwa hiyo alipovunja masikio ya boksi akipuliza kichujio kwa kompresa, alinitazama kwa huruma akasema, "Mtani, gari la Mzaramo safari yake ngomani tu, litahimili." Kisha akachana mpira wa ndani wa baiskeli, akalifunga boksi mzunguko hata lisionekane. Mpira huo nchini kwetu unafunga kuni, matenga ya nyanya, bampa na milango ya vyoo. Kuukatalia boksi la hewa kungekuwa ubaguzi.

Safari yenyewe, kama mtani alivyotabiri, ilikuwa ya ngomani. Shangazi alikuwa anakwenda Maneromango kumtoa mwali, naye alikaa siti ya mbele akiwa na kuku, kapu, na doti mpya ya kanga iliyokuwa bado inanukia duka. Tulipovuka reli ya TAZARA huko Mzenga, mpira ukachoka na joto, ukakatika. Kifuniko kikanyanyuka, bomba la hewa likachomoka, gari likamisi, likakohoa, likazima katikati ya vumbi lake lenyewe. Sababu ni ndogo: sensa inayopima hewa imekaa kwenye kifuniko hicho. Hewa ikiingilia nyuma yake bila kupimwa, kompyuta ya gari inatoa mafuta kwa hesabu ya uongo.

Washauri hawakukawia. Kijana wa bodaboda alisema ni plagi. Mwenzake alisema ni petroli ya kituo fulani, akakitaja kwa jina, na mimi silirudii. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na jembe aliuliza kama nyumbani tuliaga vizuri. Shangazi akawasikiliza wote hadi wakaishiwa, akamkabidhi mzee kuku, akaichana doti mapande mawili, akaniamuru nirudishe bomba mahali pake, kisha akalifunga boksi kwa kanga moja na fundo ambalo wanaume hatufundishwi. Gari likawaka.

Maneromango tulipofungua boneti lipoe, akina mama walikuja kuchungulia. "Huyu naye anatolewa leo?" akauliza mmoja. Vigelegele vilivyofuata sivisahau, na sina hakika vyote vilikuwa vya mwali.

Kupata boksi jingine ni habari nyingine. Maduka ya spea ya Kibaha yamejaa vichujio vipya vya kila sura, ila boksi lake hakuna anayeagiza. Wote tunangoja gari la mwenzetu life Japani. Ukilitaka, unakwenda Gerezani, Dar es Salaam, na unakwenda na sampo. Nikalipakata bovu langu ndani ya mwendokasi, abiria jirani akaniuliza kwa heshima kama hilo hotipoti bado linashika joto.

Muuzaji hakunitazama mimi, alilitazama boksi. Akapiga mluzi, kijana akakimbia, akarudi na jingine. "Hili ni lilelile," akasema muuzaji, "ila kidogo si lilelile." Tundu la sensa lilikuwa upande wa pili. Baada ya kukimbia kwingine na maneno mengi ya bei, likapatikana la kufanana, na nikaapiwa kwamba limeshuka kutoka Japani juzi. Ndani yake nilikuta jani la mkorosho. Sikuuliza.

Mtani alilifunga kwa spana namba 10 ya kuazima, kwa kuwa yake ilishapotea, kama zipoteavyo namba 10 zote. Nilisimama juu ya kichwa chake hadi raba ya kichujio kipya ikakaa kwenye ukingo na vibanio vikalia kwa kidole. Silensa ikatulia. Nawe unayesoma, ukipeleka gari kupulizwa kichujio, usiende kunywa chai, simama hapohapo.

Kanga ya Shangazi nimeifua, doa la oili limekataa. Anadai yake. Nilikwenda dukani kutafuta pande moja tu la kufidia, muuzaji akanijibu kwamba doti haiuzwi nusu.