Mama Mkwe na Tarumbeta la Elkhart

Fedha za dari ndizo zilizonunua tarumbeta. Mpaka leo sebule yetu hapa Moshi inaonyesha mabati na mbao, na mvua ikinyesha tunaongea kwa kupayuka. Baba Neema, mpigaji wa bendi ya matarumbeta ya kanisani, alilipata kwa mwalimu wa muziki Mmarekani aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Lilikuwa Martin Committee la miaka ya 1950, lililoundwa Elkhart, Indiana. "Miles Davis alipiga aina hii," aliniambia, utadhani nimeuliza. "Dizzy Gillespie naye. Chet Baker naye." Nikataka kujua ni yupi kati yao alikaa bila dari.

Sikatai, lilikuwa na lake. Alivuta kijimrija cha pistoni ya pili bila kubonyeza kitu, kikatoka kwa mlio wa "po!" Maana yake pistoni bado zimebana, hewa haipenyi pembeni, wakati matarumbeta mapya ya bendi yao yameshaanza kuvuja. Akamulika mrija wa kupulizia kwa tochi, akitafuta madoa ya rangi ya waridi: hapo mate huwa yamekula zinki na kuacha shaba tupu, mwisho mrija unatoboka. Hakuona hata doa moja. Ila kilichomlegeza kabisa ni vanishi. Ilikuwa ileile ya kiwandani, imefubaa, imebanduka pale mkono wa kushoto unaposhika. Wajuzi hulipia uchakavu huo, kwa kuwa ndio ushahidi kwamba hakuna fundi aliyelisugua kwa mashine akalipaka upya. Kila msuguo huondoka na metali kidogo na kufifisha nakshi, na mdomo mpana wa tarumbeta ni mwembamba kuliko unavyodhani.

Maelezo yote hayo nilipewa mimi. Mama yake hakupewa.

Mama mkwe alishuka kutoka Marangu na mkungu wa ndizi. Huyu ni mtu ambaye sufuria zake unaweza kujitazamia ukafunga kilemba. Akaliona tarumbeta juu ya kabati. "Mwanangu anaingia na hiki mbele ya madhabahu? Na mke yupo?" Swali liliulizwa kwa tarumbeta, lakini mlengwa nilikuwa mimi.

Niliporudi kutoka kazini, tarumbeta lilikuwa linatokota ndani ya sufuria yangu ya pilau. Vanishi ya zamani haipatani na maji ya moto. Ilikuwa inaelea juu kama maganda ya vitunguu. Neema alikuwa amefungua pistoni zote, kwa fahari kubwa, akizipanga kwenye sinia. Limau na majivu vilikuwa tayari. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Mkwe ni mkwe.

Jioni Baba Neema alilikuta mezani, linametameta hadi linaumiza macho. Akakaa. "Asante, mama," akasema, sauti ikitokea mbali. Mama akamwambia apige tusikie. Akapuliza, mishipa ya shingo ikatutumka, lisitoe hata mkoromo.

"Unaona?" mama akasema. "Uchafu ulivyokuwa mwingi! Bado umeziba."

Neema alikuwa amerudisha pistoni ya kwanza kwenye tundu la tatu, na ya tatu kwenye tundu la kwanza. Kila moja ina namba yake, na matundu yake hulingana na mirija ya mahali pake. Ukikosea, hewa haina njia. Baba yake alizibadilisha kimyakimya, akapuliza tena. Sauti ikatoka nzito, ya moshimoshi, ileile. Bei ndiyo iliyokuwa imemwagwa na maji ya sufuria.

Usiku nilijaribu kumfariji. Si yeye aliyenisimulia kwamba mwaka 1953, katika sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mkewe Gillespie, tarumbeta liliangukiwa likapinda mdomo kuelekea juu, mwenyewe akaipenda sauti, akaagiza mengine yatengenezwe hivyohivyo?

"Aliyeliangukia hakuwa mama yake," akajibu, akageukia ukutani.

Alfajiri ya Pasaka bendi ilipopiga, tarumbeta moja tu lilikuwa linawaka. Baada ya ibada wenzake walimzunguka wakiuliza fundi ni nani, naye, mbele ya mama yake, angejibu nini? Jumatatu ya Pasaka barazani kwangu kulikuwa na matarumbeta matatu na tromboni moja, Neema ametumwa limau, na sufuria ya pilau imeshabandikwa.