Mpangaji wa Darini

Ukipanga chumba Ngara mjini, mkataba utakukataza kupiga misumari ukutani, kufuga kuku na kulaza mgeni zaidi ya siku tatu. Kuhusu kilicho juu ya kichwa chako hausemi kitu. Mwenye nyumba huhesabu kuta nne na mlango. Hata siku moja hajawaza kwamba yupo binadamu atakayeitazama siling bodi akaona chumba cha pili.

Jirani yangu, fundi pikipiki, alikiona. Mdogo wake alikuwa amekuja kutoka Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo, kusikilizia ajira kwenye mradi wa nikeli wa Kabanga. Nyakanazi ndipo barabara ya Kigoma inapoachana na ya Rusumo, na aliyekulia pale amezoea kulala na breki za malori, kwa hiyo panya wa darini hawakumtisha. Chini hapakuwa na nafasi: kitanda, kabati, shemeji, mtoto, na injini inayosubiri vipuri. Kijana akapandishwa juu. Mbao zikalazwa kwenye kenchi, juu yake godoro jembamba, na waya wa taa ukavutwa kutoka chini. Siku tatu za mgeni zikapita bila mtu kuhesabu, maana mgeni mwenyewe haonekani.

Sasa nyumba zetu hizi zina jambo moja ambalo dalali hakwambii. Kuta za kutenganisha vyumba zinaishia kwenye lenta. Kutoka hapo kwenda juu hakuna mipaka. Dari ni moja, kuanzia kwa muuza mitumba hadi kwangu. Kijana akawa anasikia kila kitu. Alijua nani hajachangia LUKU, na nani anamwambia mwenzake kwenye simu kwamba yuko Rusumo mpakani, kumbe amejifunika blanketi. Sisi tukawa tunashangaa tu fundi anavyozijua habari zetu. Asubuhi moja alinisimamisha uani: "Pole na yule afisa mikopo, mwalimu." Habari za afisa mikopo sikuwa nimemwambia mtu.

Msidhani kijana alikuwa anastarehe. Mchana bati linachemka. Usiku baridi ya milima ya Ngara inalikamata, na alfajiri pumzi zake mwenyewe zinamrudia usoni zikiwa matone. Tena kulikuwa na popo, wapangaji wa zamani kuliko sisi sote na wasiolipa kodi.

Usiku mmoja umeme ulikatika. Kijana akataka kushuka kwenda chooni, akapotea njia gizani, akaiacha kenchi na kukanyaga bodi. Bodi yenyewe imepigiliwa kwenye vimbao vya mbili kwa mbili. Inabeba rangi na buibui, basi. Mimi nilikuwa chini nakula ndizi na maharage kwa tochi ya simu. Kwanza lilishuka vumbi, likafuatia kinyesi cha popo, halafu mguu mzima hadi pajani, umevaa soksi ya kijani na njano. Mimi ni Simba. Tundu ningelisamehe.

"Shikamoo, mwalimu," sauti ikasema kutoka juu.

"Marahaba," nikaitikia. Adabu ni adabu.

Kesho yake tulikaa uani mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. "Hiyo ni dari, si chumba," mwenye nyumba akaanza. "Na kama ni chumba, naomba kodi yake." Fundi alikuwa amejiandaa: "Mzee, kama si chumba, basi sijalaza mtu kwenye chumba chako, na mkataba sijauvunja." Mwenyekiti akanigeukia mimi.

Nikawaeleza ninachokijua. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya 1984, ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo mengi yamebaki kwenye karatasi mliyosaini wenyewe. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inataka nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na binadamu pale inapopangishwa, na mpangaji aitunze. "Inafaa kukaliwa!" fundi akadakia, akionyesha juu kwa kidole. Mzee akatishia kwenda Baraza la Kata. Nikamwambia tangu marekebisho ya 2021 kule wanasuluhisha tu, hawahukumu, na usuluhishi hapa uani ni bure.

Hoja ya chumba na si chumba ilitufurahisha, lakini mimi kilichonitisha ni ule waya. Ulikuwa umeungwa kwa nailoni na kulazwa juu ya mbao kavu, kwenye dari isiyo na dirisha, yenye tundu moja la kushukia. Hapo moto ukishika, mtu hatoki. Nilimwomba mwenyekiti apande achungulie. Alipanda ngazi, akashuka na utando wa buibui kwenye kofia, akaamua: kijana ashuke leo, fundi anunue bodi mpya.

Jioni mwenye nyumba alinifuata na rundo la mikataba yake, nimwongezee kifungu kwa mwandiko mzuri. Akanitajia: "Ni marufuku mpangaji kulaza mtu darini." Nikaandika. Akakaa kimya kidogo, akaangalia juu kama mtu anayepima kwa macho, kisha akasema, "Mwalimu, ongeza hapo: isipokuwa kwa makubaliano maalumu. Halafu weka shilingi, uache nafasi ya kujaza."