Sifa za Oili Chafu

Wapo waliosifu asali, wapo waliosifu mukeke wa kukaanga. Mimi leo namsifu asiye na msifu: oili chafu ya gia, nyeusi, yenye harufu, inayoharibu shati na kukaa chini ya kucha mpaka Ijumaa.

Watu wa Kabonga, kando ya Ziwa Tanganyika, haihitaji kujitambulisha kwao. Mwenye mota ya boti anafungua skrubu ya chini, pale penye gia za propela, akitegemea oili; inamtokea chai ya maziwa. Hapo haulizi mtu. Sili imekwisha, ziwa limeingia. Ni daktari gani anayetoa majibu upesi hivyo, tena bila kudai ada?

Siku hizi nchini Burundi esansi imekuwa ya kusaka kwa foleni, na magari ya umeme yameanza kuonekana Bujumbura. Kitakachozoeleka Bujumbura kitashuka tu na barabara ya ziwani, Rumonge mpaka Nyanza-Lac. Utasikia yakinadiwa: "Halina injini, halina oili!" Neno la kwanza kweli, la pili tamu. Chukua Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa mwaka 2010: mota yake huweza kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Magurudumu hayawezi kwenda kasi hiyo, basi kuna gia za kuipunguza karibu mara 8, nazo zinaoga katika oili ya lita moja na kidogo. Kelele na moshi vimeondoka. Mheshimiwa wetu amebaki kazini.

Nasaba yake ni bora. Baba yake chuma, mama yake msuguano. Gia zikiwa mpya meno yake bado yanazoeana, na katika kuzoeana huko yanasagana unga. Umeme nao hutoa zawadi yake: unaopotea njia hupita kwenye beringi kwa cheche ndogondogo, ukiacha vishimo kama vilivyodonolewa na kuku. Yote hayo huangukia kwenye oili, nayo huyapokea bila kinyongo.

Ukarimu wake hauna mfano. Unga ule haukai bure. Unasaga meno yaliyobaki, yakatoa unga mwingine. Sumaku kwenye boliti ya chini inajitahidi, lakini inakamata chuma tu. Alumini na mchanga hupita mbele yake vikiisalimia. Maji nayo hayafukuzwi. Mwaka 2024, ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za Rumonge, barabara na maji vilikuwa kitu kimoja. Gia yenye joto ikizamishwa ghafla katika maji ya baridi, hewa iliyo ndani hunywea, na mahali penye sili iliyochoka maji huvutwa ndani kama uji kwenye mrija.

Lakini sifa yake kuu ni ukweli. Muuzaji atakuapia kwamba gari liliendeshwa na mwalimu, tena taratibu. Oili haiapi. Ikimeta kijivu, meno yanalika. Ikiwa ya maziwa, maji yamo. Ikinuka kuungua, joto limepita kiasi. Ukipapasa ukakuta vipande, usiondoke na gari hilo hata kwa kusukumwa.

Maadui zake wanadai kwamba oili hii hujazwa mara moja, ikadumu maisha. Maisha ya nani, hawasemi. Mama anayekamua mawese Rumonge hakusomea ufundi wa magari, lakini anajua kwamba mafuta hayajitakasi: huchemshwa, huachwa yatulie, uchafu ukabaki chini ndipo yamiminwe. Oili ya gia haipewi hata dakika ya kutulia, halafu inatarajiwa kuzeeka bila doa.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka gari la umeme lililotumika, usiulizie betri peke yake. Mwombe fundi afungue boliti ya chini, aikinge oili katika chupa nyeupe, muitazame juani kabla fedha haijahesabiwa. Gari likishakuwa lako, imwage ile ya kwanza mapema, kwa kuwa ndiyo iliyobeba unga mwingi. Na ukishaisikiliza, itie katika dumu, uifunge vizuri, ikae mbali na ufuko. Maji ya ziwa hili tunayanywa, na ndagala hawana boliti ya kutolea uchafu.