Jinsi ya Kutazama Meli Ikipanda Mlima: Mwongozo wa Mtu wa Kangema

Kwanza, uwe na mtoto Marekani. Tiketi ya meli ya kitalii inayokatiza Mfereji wa Panama hailipiwi na bonasi ya chai, hata mwaka ambao bonasi imekubali. Akishakulipia, liache nyumbani lile jaketi lako la baridi ya Julai. Panama ni joto la Mombasa.

Siku yenyewe rauka, ukashike nafasi mbele kabla wenye kamera hawajaamka. Usijionyeshe mshamba kwa kushangaa; mtu aliyezaliwa kwenye miteremko yetu hababaishwi na kupandishwa mita 26. Meli huingia chumba cha zege, milango ikafungwa nyuma yake, maji yakajaa, nayo ikainuka. Ukitokea Atlantiki, utapanda vyumba vitatu pale Gatun, uvuke ziwa, kisha ushuke kimoja Pedro Miguel na viwili Miraflores.

Pembeni utaona vichwa vya treni viitwavyo nyumbu vimefungwa kamba kwenye meli. Usiulize vinavuta tani ngapi, Guka, utachekwa. Meli inakwenda kwa injini yake. Kazi kubwa ya nyumbu ni kuinyoosha isikwaruze ukuta. Kwenye vyumba vya mwaka 1914, meli pana kabisa hubakiwa na kama sentimita 60 tu kila ubavu, na hakuna manamba wa kupiga bodi akisema "rudi, rudi, bado." Rubani wa mfereji ndiye mwenye amri. Nahodha anasimama tu kama dereva aliyepokonywa matatu na mwenye gari.

Sasa waache wenzako wapige picha za meli, wewe kagua maji. Hakuna pampu: yanateremka yenyewe kutoka Ziwa Gatun, na kila meli inayovuka humwaga baharini takriban lita milioni 200 za maji matamu. Hapo ruksa kukohoa kwa sauti. Wewe unatoka Murang'a, ambako mito ya Maragua, Gikigie na Irati imechimbiwa handaki la karibu kilomita 12 ili Nairobi ioge, nawe umemaliza viti vya baraza ukilalamika. Wakumbushe abiria kwamba ukame wa 2023 ulilazimisha idadi ya meli kupunguzwa. Muungwana ataongeza kwamba vyumba vipya vya 2016 hutumia tena asilimia 60 ya maji. Wewe si lazima uongeze.

Ukiona nauli ni kubwa, Richard Halliburton aliogelea mfereji mzima mwaka 1928 akatozwa senti 36 za dola. Usimwige. Hata Mathioya unavuka kwa daraja.

Ukirudi, jirani atakushauri safari ijayo uende Suez, njia ya chai yetu kuelekea Ulaya. Mkatalie. Suez haina lango hata moja. Ni maji bapa mwanzo hadi mwisho, na mtu wa Kangema halipi nauli kutazama tambarare.